"Bizari ni bizari": kitabu cha mapishi kilichonitia aibu mbele ya mawifi

Jina la kitabu silitaji, sitafuti kesi na mtu. Ni kinene, jalada linang'aa, na mbele kuna picha ya sinia la wali ambalo naapa halikupikwa kwa maelekezo yaliyomo ndani. Kinajigamba kina mapishi yote ya nyumbani. Yote! Nilikinunua shilingi 25,000, kama miaka miwili hivi nyuma, labda na zaidi, nikiwa bado mgeni kwenye ukoo wa mume wangu.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu tumekulia ugali, viazi na makande. Pilau ilikuwa ya Krismasi, anapika mama mdogo, watoto tunafukuzwa jikoni. Nikaja kuolewa Tanga. Anayewajua Watanga na chungu chao ataelewa nilivyotetemeka niliposikia mama mkwe na mawifi wawili wanakuja Dar kula Idi kwangu. Idi ipi sikumbuki, kubwa au ndogo, ila aibu yake naikumbuka vizuri.

Nikafungua ukurasa wa pilau. Mchele kilo 1, nyama kilo 1, vitunguu maji, vitunguu swaumu, tangawizi, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga. Halafu: "bizari vijiko 3". Basi. Bizari ipi? Kimya. Kijiko cha chai au cha chakula? Kimya.

Nikamtuma mtoto kwa Mangi, nikamwambia sema binzari. Akarudi na vipakti vya unga wa manjano. Mangi simlaumu hata kidogo, maana mtu akiagiza binzari tu bila kutaja ipi, Mangi anatoa iliyo karibu na mkono wake. Kuna binzari nyembamba, zile mbegu ndogo zinazonukia pilau yenyewe. Wifi zangu wanaiita bizari nzima, Unguja utasikia uzile, na Wahindi wanaiita jira. Kuna binzari manjano, ule mzizi unaotia rangi. Kuna na bizari ya mchuzi, mchanganyiko wa vitu vingi. Haya yote nayajua leo. Siku ile nilijua ninachoambiwa na kitabu cha elfu ishirini na tano.

Nikatia vijiko vitatu. Vya chakula. Vilivyojaa.

Sufuria ilipofunuliwa, mawifi walitazamana. Pilau ilikuwa njano kama koti la mvua, inanuka kama dawa ya kienyeji, na ukiitafuna inaacha uchungu kwenye koo. Wifi mkubwa akaninong'oneza, "Wifi, umetupikia pilau au umemchanganyia bi harusi manjano ya kujisugulia?" Mdogo akacheka hadi akatoka nje. Mama mkwe, Mungu amjalie, hakusema kitu. Alikula kachumbari, akala ndizi mbivu tatu, akaniambia, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Ndizi tatu! Kitambaa changu cha meza mpaka leo kina doa.

Wifi mkubwa ndiye aliyenifundisha jioni ile ile, kwenye kigoda, bila kitabu. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, akasema. Unakikaanga kwa subira hadi kiwe kahawia, kikiungua umeharibu, kikiwa cheupe utapata wali wa nyama. Binzari nyembamba unaikaanga kavu kidogo, unaitwanga, nyingine unaiacha nzima. Manjano haiingii kabisa. Dakika tano za maneno. Kitabu kina kurasa zaidi ya mia tatu na hakikuwa na nafasi ya neno moja, "nyembamba".

Sasa hili lingeweza kupita. Kosa la uchapaji, nani hakosei. Nikaona nyuma ya kitabu kuna namba, "kwa maoni na ushauri piga". Nikapiga, kwa adabu zangu zote, shikamoo mbele. Akapokea mama mmoja. Nikamweleza. Akanisikiliza kidogo, akasema, "Dada, mbona wenzio hawalalamiki? Bizari ni bizari. Kama hujui kupika, hujui tu." Akakata.

Bizari ni bizari! Mama, kama ningekuwa najua kupika ningenunua kitabu cha nini?

Tangu hapo kila nikikifungua naona makosa tu, na pengine nakionea, lakini semeni wenyewe. "Chumvi kiasi." "Maji ya kutosha." "Pika hadi iive." Hicho kiasi ndicho nilichokilipia! Maji ya kutosha mchele upi? Mchele mpya wa Kyela ukiutilia maji sawa na mchele uliokaa ghalani unapata bokoboko. Mwandishi anayejua jiko angeonya. Halafu kwenye keki eti "oka joto 350". Oveni yangu mwisho wake ni 250. Nilizungusha kitufe nikadhani kimeharibika, kumbe ni vipimo vya Wamarekani, kwetu hiyo ni kama 180. Yaani ukurasa umechotwa mahali fulani ukatiwa Kiswahili juu, hakuna aliyesimama mbele ya jiko kuujaribu. Na nyuma hakuna faharasa. Ukitaka kisamvu, pekua kurasa zote.

Kwa hiyo msinunue. Ingawa.

Ingawa kuna sura ya vyakula vya nazi, na hapo inabidi niseme ukweli hata kama unanikera. Sura ile iliandikwa na mtu mwingine, sina ushahidi, ila mkono wake ni tofauti. Anakwambia kamua tui zito uliweke pembeni, kisha tui jepesi, chemshia kisamvu kwenye jepesi, zito liingie mwisho, na usiache kukoroga hadi lichemke, la sivyo litakatika. Anakwambia lililokatika linakuwaje machoni. Samaki wa kupaka anakuelekeza umbanike kwenye mkaa kwanza, halafu tui lenye ukwaju na pilipili umpake huku unamgeuza, tabaka juu ya tabaka. Vijiko vinatajwa kwa majina, vya chai na vya chakula. Nilimpikia mama mkwe samaki huyo alipokuja tena, akamaliza, akalamba vidole, na ndizi hakuzigusa. Mume wangu akaniambia nimefuzu.

Kwa sura hiyo peke yake ningetoa tena ile elfu ishirini na tano. Nimesema nini? Hapana, elfu kumi. Zilizobaki warudishie kitambaa changu.

Siku hizi nikiingia duka la vitabu sitazami picha. Nafungua pilau, natafuta bizari. Kama haijasemwa ni ipi, na kijiko ni kipi, narudisha rafuni. Muuzaji mmoja aliniuliza, "Dada, unasoma au unanunua?" Nikamwambia nakagua.

Kitabu chenyewe nimekisahihisha kwa peni nyekundu. Kwenye pilau nimeandika NYEMBAMBA kwa herufi kubwa na nimepiga mstari mara mbili. Jirani yangu wa mlango wa pili alikiazima, eti kwa siku moja tu, apikie kisamvu. Sasa ni wiki ya tatu, na kila jioni nasikia harufu ya tui ikipita dirishani kwangu. Mama Jirani, kama unasoma hapa, nakitaka kitabu changu.