Signal: Programu ya Ujumbe Inayopimwa kwa Kile Isichokihifadhi

Nimeitumia Signal kwa miaka minne, kwa mazungumzo ya familia na ya kazi, na kipimo changu kwake ni kimoja: siku mamlaka ya nchi yoyote itakapobisha hodi kwa waendeshaji wake ikiwa na hati ya mahakama mkononi, itapewa nini kinachonihusu?

Jibu limekwisha kuonekana. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2016 waendeshaji hao walipokea hati kutoka Wilaya ya Mashariki ya Virginia, Marekani, iliyodai taarifa za namba mbili za simu na iliyoambatana na amri ya kutolitangaza jambo hilo. Mawakili wa ACLU, shirika la Marekani la kutetea haki za raia, waliipinga amri hiyo ya ukimya, na nyaraka zilipotolewa hadharani mwezi Oktoba ilibainika kwamba namba moja tu ndiyo iliyokuwa na akaunti, na kwamba vilivyokabidhiwa ni viwili: wakati akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva kwa mara ya mwisho. Majina ya marafiki, makundi na ujumbe havikutolewa, kwa sababu havikuwamo.

WhatsApp nayo hutumia usimbaji fiche uliobuniwa na Signal, hivyo maneno yenyewe hayasomeki njiani. Tofauti iko katika yanayoyazunguka maneno, yaani nani amewasiliana na nani, na saa ngapi. Wengi huyadharau haya, ilhali mtu aliyempigia wakili usiku wa manane, kisha daktari, kisha mwandishi wa habari, amekwisha kujieleza kabla neno lake hata moja halijasomwa. Signal haina matangazo ya kulisha kwa taarifa hizo. Huendeshwa na taasisi isiyo ya kutafuta faida, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp.

Kasoro yake kubwa ni sharti la kujisajili kwa namba ya simu. Tangu Februari 2024 unaweza kujipa jina la mtumiaji na kuwaficha namba unaozungumza nao, hatua ninayoipongeza kwa dhati, lakini akaunti haifunguki bila namba. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru anayeshikilia taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Mwenye namba, basi, hajulikani kwa Signal bali kwa kampuni ya simu.

Wala Signal haimlindi mtu ambaye simu yake imekamatwa ikiwa wazi. Ukiipakua, anzia kwenye mipangilio: washa kifungio cha skrini na ujumbe unaojifuta. Mimi nimeuwekea wiki moja kwa familia na siku moja kwa mambo ya kazi.