Video Inayosafishwa Winguni na Bando Inalolimaliza

Habari zenu watazamaji, na karibuni. Leo ninachambua kipengele kimoja tu cha simu, nacho ni uchakataji wa video winguni: kazi ya kuisafisha video haifanywi na simu mliyoishika mkononi, bali na seva, yaani kompyuta zenye nguvu zilizo mbali, ambako video hupelekwa kwa njia ya intaneti. Mfano unaojulikana zaidi ni Video Boost, ambao Google iliutangaza pamoja na simu yake ya Pixel 8 Pro mwezi Oktoba 2023 na kuwafikishia watumiaji Desemba mwaka huohuo.

Sababu ya kuipeleka kazi hiyo mbali inaeleweka. Video ya 4K, yaani yenye picha kali sana, ikiwa na fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde hubeba fremu 1,800 kwa kila dakika, na kila fremu inatakiwa irekebishwe mwanga, rangi na mtikisiko kana kwamba ni picha inayojitegemea. Simu ikibebeshwa mzigo huo peke yake, itachemka na betri itakwisha.

Tazameni vipande hivi viwili, vyote vya chumba chenye mshumaa mmoja. Kushoto ni video kama ilivyotoka kwenye kamera: ukuta umejaa chenga zinazochezacheza, na mwali umekuwa doa jeupe lisilo na umbo. Kulia ni baada ya kuchakatwa: chenga zimetulia, mistari ya mbao za meza inasomeka, na chini ya mwali unaona hata ule ubuluu karibu na utambi. Sibishi, tofauti ipo na inavutia.

Sasa tupige hesabu. Tuchukulie video inayorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa 4K. Kwa kuwa biti nane ni baiti moja, dakika moja ni megabaiti 375, na dakika nne ni gigabaiti 1.5, ambazo zote lazima zipakiwe kabla seva haijagusa chochote. Tena faili inayotumwa kuchakatwa inaweza kuwa nzito kuliko hapo. Kama kasi yenu ya kupakia ni megabiti 5 kwa sekunde, dakika nne za video zitachukua dakika 40 kupanda, na kumbukeni kwamba kwenye mitandao mingi kasi ya kupakia huwa ndogo kuliko ile ya kupakua, ambayo ndiyo inayotajwa kwenye matangazo. Kisha video ikishakamilika mtaitaka tena kwenye simu ili mwihariri au mwitume, kwa hiyo data inaliwa mara mbili: kwenda na kurudi. (Na mkiituma kwa programu ya ujumbe, nayo huiminya upya, ikafuta sehemu ya kazi yote hiyo.)

Hifadhi nayo haiko mbali na tatizo hili. Akaunti ya bure ya Google, ambamo video hizo hukaa, ina gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, nyaraka na picha, hivyo video kumi za ukubwa niliotaja zinatosha kuijaza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuacha ruhusa ya kupakia kwa data ya simu ikiwa imewashwa, nikarekodi video kadhaa jioni na kulala. Asubuhi ujumbe wa kwanza kuusoma ulikuwa wa bando kwisha. Kosa lilikuwa langu, ingawa naona ruhusa kama hiyo ingestahili onyo lenye kutaja idadi ya megabaiti kabla ya safari kuanza, si swichi tu iliyofichwa ndani ya mipangilio.

Kwa hiyo, mwenye Wi-Fi isiyo na kikomo akitumie kipengele hiki bila wasiwasi, mradi awe na subira, kwa sababu kabla ya seva kumaliza kazi atakuwa na video ya kawaida tu. Anayetegemea bando aingie kwenye mipangilio ya kuhifadhi picha, azime matumizi ya data ya simu, kisha akiache kipengele chenyewe kikiwa kimezimwa na kukiwasha kwa kipande kimoja kimoja cha usiku. Kwa video za mchana wenye mwanga wa kutosha, mimi sikiwashi kabisa.