Programu ya afya ya mtaani, baada ya mwaka mzima kuitumia

Naomba niandike kwa kirefu kidogo maana naona wazazi wengi wanauliza kama hizi programu za afya za mtaani zina msaada wowote au ni watu wa kuja kujaza madaftari tu na kuondoka. Mimi nilikuwa naamini ni madaftari. Nina watoto watatu, wa kwanza ana miaka 12, wa mwisho hajafikisha miwili, na tuna kama mwaka hivi tangu tuandikishwe.

Aliyenibadilisha mawazo ni mhudumu wa afya ya jamii, yule dada anayepita majumbani. Siku ya kwanza amekuja wa mwisho alikuwa na miezi 11, nikamwambia huyu mzima kabisa, si unamuona anacheza. Hakubishana na mimi. Akatoa ule utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono kujua kama mtoto ana utapiamlo, akatafuta katikati ya mkono wa kushoto kati ya bega na kiwiko, akauzungusha taratibu bila kubana, akasubiri mtoto atulie, ukasoma njano. Milimita 121. Akanieleza palepale kwamba kijani inaanzia 125, chini ya 115 ni nyekundu na hapo mtoto anapelekwa kituoni bila kungoja kesho, sasa wangu yuko katikati, hajafika pabaya ila ndo njia anayoelekea. Nililia. Mtoto unamuona kila siku kupungua kwake utakujuaje?

Akatuandikia rufaa ya kliniki, na kilichonigusa zaidi ni kwamba wiki iliyofuata alirudi, sio simu wala meseji, alikuja mwenyewe, akaomba kadi ya kliniki akaisoma mstari kwa mstari akakuta chanjo ya surua ya miezi 9 hatujachoma na matone ya vitamini A hayajaandikwa. Alirudi mara nne mpaka utepe ukasoma kijani. Katikati ya hapo mtoto akaharisha, na ni yeye aliyenionyesha kusoma kwenye pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, inataka maji kiasi gani na kupima kiasi hicho hicho, sio kukadiria kwa macho, halafu akanisisitizia vidonge vya zinki niendelee navyo siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Kwa watoto wakubwa mimi nilikuwa nakatisha dawa kuhara kukiisha, hakuna aliyewahi kuniambia.

Upande wa shule wanajitahidi. Dawa za minyoo wanatoa, kidonge kimoja cha kutafuna na mwalimu anasimama mpaka mtoto ameze. Mabomba ya kunawia yapo ila sabuni ikiisha inakaa wiki bila kuletwa. Upimaji wa macho ndo ulionisaidia sana, wa katikati walimsimamisha mbali na ile chati ya herufi E, jicho moja limezibwa, aonyeshe kwa mkono E inaangalia wapi, ya mstari wa tatu tu akashindwa. Mwaka mzima tulikuwa tunamgombeza kwamba hanakili vizuri ubaoni kumbe haoni! Sasa ana miwani na anakaa mbele.

Lakini hili la chanjo ya HPV, kile kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, waliliharibu na nalisema kwa uchungu. Fomu ya ridhaa ililetwa jioni, chanjo ni kesho asubuhi, na kwenye fomu hakuna maelezo, jina la mtoto na sehemu ya kusaini basi. Usiku ule kwenye grupu la wazazi yakaanza maneno kwamba itawafunga mabinti uzazi, wengi wakakataa, na mimi nikakataa. Baadaye yule dada alikaa na mimi akanifafanulia kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na hicho kirusi, kwamba inalengwa miaka 9 hadi 14 ili kinga imtangulie msichana kabla hajakutana nacho, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema hata dozi moja inaweza kutosha. Dakika kumi tu nikaelewa, nikampeleka binti kliniki akachomwa. Karatasi moja yenye maneno hayo, ije wiki moja kabla, na wale mabinti wengine wangechanjwa siku ileile.

Mikutano ya wazazi nayo walikuwa wanaweka asubuhi siku za kazi, wanahudhuria kina mama wachache walewale, kina baba huwaoni, halafu uamuzi wa chanjo nyumbani unasubiri baba ambaye hajasikia chochote.

Kwa hiyo huduma ya nyumbani naipa nyota tano bila kusita, shuleni tatu. Ukiandikishwa muulize mhudumu siku zake za kupita na kadi ya mtoto iwe karibu, usiifungie kabatini. Mkutano ujao tumelalamika mpaka wameuhamishia Jumamosi mchana, mume wangu amekubali twende wote, na la fomu ntalianzisha mimi.