Mfamasia aliyenihudumia bila kunihukumu

Kondomu ilipasuka usiku, na asubuhi mapema nilikuwa mbele ya kaunta ya duka la dawa, sauti imenikauka. Mfamasia, mama wa makamo, alinivuta pembeni akauliza maswali mawili tu: ilitokea saa ngapi, na hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Akanipa kidonge kimoja cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestreli, miligramu 1.5.

"Kimeze sasa hivi, mwanangu. Mwisho ni saa 72, lakini ukichelewa kinapungua nguvu."

Akanieleza kwamba kinachelewesha yai kutoka. Hakitoi mimba iliyokwisha kutunga. Nikitapika ndani ya saa mbili, nirudie dozi. Jioni kichefuchefu kilinishika kweli, na hedhi ikachelewa siku nne. Alishanionya: ikipita wiki, nipime mimba.

Ninachomshukuru zaidi ni kwamba hakuishia kwenye mimba. Kidonge hakizuii VVU wala kaswende, hivyo alinihimiza niende kliniki siku ileile, maana dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya hatari ya kuambukizwa, nazo huanzwa ndani ya saa 72. Kasoro moja: hakunitajia kitanzi cha shaba, kinachozuia mimba vizuri kuliko kidonge, hata kikiwekwa siku ya tano. Hilo nililisikia kliniki.