Kituo cha miradi baada ya shule: watoto wamepata hasara ya elfu sita na mimi nimefurahi

Wazazi wenzangu, naandika hii maana wengi mnauliza mtoto akitoka shule saa nane na nusu aende wapi zaidi ya tuisheni. Binti yangu yuko darasa la tano, muhula huu wote alikuwa anaenda kituo kimoja hapa Dar, siku tatu kwa wiki, elfu sitini kwa mwezi, wanafanya miradi ya sayansi na biashara kwa mikono yao. Jina silitaji kwa sababu kuna kasoro nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso na wanazirekebisha, ila nawaeleza kilichofanyika mjue cha kutafuta.

Mradi mkubwa ulikuwa sabuni ya maji, hii hii tunayopimiwa mtaani kutoka kwenye madumu. Nilidhani ni kukoroga tu vitu kwenye ndoo, kumbe mwalimu alianzia mbali, akawaambia salfoniki ni asidi na soda ashi ndo inaituliza, ukizidisha mojawapo mikono ya mteja inaungua, sasa mtajuaje imekaa sawa bila kuigusa? Wakatengeneza kipimo chao kwa manjano ya jikoni. Unaloweka karatasi nyeupe kwenye maji ya manjano, unaianika, ikigusa kitu chenye magadi mengi inageuka nyekundu, ikigusa asidi inabaki njano vilevile. Basi nyumbani hakukukalika, kila kitu kikapimwa, limao, siki, magadi ya maharage, maji ya majivu. Bibi yake kuona karatasi imewiva nyekundu kwenye maji ya majivu akasema "ndo maana sie tulikuwa tunasugulia masufuria majivu mjukuu wangu". Wakakaa jioni nzima wanaongea hayo, bibi na mjukuu, niliwaacha tu.

Sasa biashara. Kikundi chao cha watoto sita walitoa lita 20, wakajaza chupa 40 za nusu lita, wakauza zote kwa mia saba mia saba, ikapatikana elfu 28. Malighafi ilikuwa elfu 18, kwa hiyo wakashangilia faida ya elfu 10. Mwalimu hakubisha, akawaambia leteni daftari. Chupa zimetoka wapi? Zilinunuliwa, mia tatu kila moja, elfu 12. Na bodaboda ya kufuata malighafi Kariakoo? Elfu 4. Jumla elfu 34, wamekula hasara ya elfu 6! Mwanangu alirudi kalia kweli, ila alirudi anajua kitu ambacho watu wazima kibao wenye maduka hatuandiki. Mimi mwenyewe nina genge na nauli sijawahi kuihesabu kwenye gharama.

Raundi ya pili wakakusanya chupa za maji majumbani, wakaziosha, bei wakapandisha buku, chupa 4 wakawapa mama ntilie wajaribu bure, 36 zikauzwa. Gharama elfu 22, mauzo elfu 36, faida elfu 14, na safari hii ni ya kweli.

Kulikuwa pia na umeme wa malimao, msumari wa bati upande mmoja na kipande cha waya wa shaba upande mwingine, limao moja taa ya LED haikuwaka, wakaunga manne ikawaka. Nzuri, ila walifanya siku moja tu ikaisha.

Kasoro sasa. Siku ya kwanza ya sabuni glavu hazikutosha, watoto wawili walishika vifaa vya asidi mikono mitupu, hilo nilikasirika sana na sikuficha. Sasa hivi asidi anamimina mwalimu peke yake na kila mtoto ana glavu na miwani. Kompyuta nazo chache mno, watoto sita laptopu moja, na waliokuwa wanashika kipanya ni wale wale wavulana wawili, wasichana wanatazama tu. Wanatumia Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kutengeneza programu za kompyuta, ambayo ni bure na ukishaipakua haihitaji bando, nikamwekea kwenye laptopu ya nyumbani afidie, lakini nimelipia pale afundishwe pale. Niliposema wameanza kupangiana dakika, kila mtoto na zamu yake. Halafu kuna "hela ya vifaa" elfu tano tano inayodaiwa katikati ya mwezi, iingizwe kwenye ada tujipange mapema.

Muhula ujao nimeshamlipia. Ukienda kuangalia kituo chochote cha namna hii usiulize robotiki wanazo ngapi, omba uone daftari la mauzo la watoto na uulize glavu ziko wapi. Sabuni yenyewe bado natumia, inatoa povu vizuri na haikaushi mikono.