TAHADHARI: Msitume hela za "seti ya rangi ya sponji" inayouzwa mitandaoni

Ndugu zangu mnaopanga kupamba nyumba, naomba msome hii mpaka mwisho kabla hamjamtumia mtu hata shilingi. Kuna watu wanatangaza mitandaoni "seti kamili ya rangi ya sponji", yaani ya kupamba ukuta kwa kuugusagusa na sponji yenye rangi: ndoo ya rangi, kopo la "glezi ya Uturuki" (glezi ni kimiminika kinachochanganywa na rangi ili iwe nyepesi na ya chini yake ionekane) na "sifongo asilia ya Zanzibar", yaani sponji ya baharini. Mimi ni fundi rangi hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikiitwa kwenye nyumba za Kimara, Tabata na Mbezi kwenda kukwangua kuta zilizopakwa kwa seti hizo. Mama mmoja wa Tabata alikuwa amejinyima miezi ili sebule ipendeze kwa ajili ya send-off ya binti yake. Nilipogusa ukuta wake, kiganja kilirudi cheupe.

Mchezo wao uko hivi. Ukurasa una picha nzuri sana, lakini ziangalieni kwa makini. Nyingi zinaonyesha chini ya dirisha yale mabomba ya kupashia nyumba joto, au soketi za mviringo zenye matundu mawili. Hizo ni nyumba za Ulaya, picha zimeokotwa huko, hakuna kazi hata moja waliyoifanya wao. Ukiuliza bei unaambiwa sebule ni 380,000, ofa inaisha leo jioni, tanguliza nusu ili mzigo utoke stoo Kariakoo. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma pesa si la mtu unayeongea naye. Atakwambia ni la mhasibu. Ukitaka kufika dukani, duka liko kwenye ukarabati. Ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, "itakuja na mzigo".

Kuna ambao wakishatuma tu namba inazimwa. Wengine wanaletewa mzigo kweli na bodaboda, na hao ndio wanaoumia zaidi, maana wanamalizia nusu iliyobaki mlangoni, wanamlipa na fundi, halafu mvua zikianza ukuta unamenyuka.

Mizigo hiyo nimeifungua mbele ya wenyewe. Ndoo ina jina la kampuni inayojulikana, lakini ile pete ya plastiki ya mfuniko, inayokatika ndoo ikifunguliwa mara ya kwanza, haipo au imegandishwa kwa gundi. Ndani kuna rangi ya maji ya bei ya chini iliyozimuliwa. Kopo la glezi halina jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha. Kwa harufu yake na inavyonata mkononi, ile ni gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji. Ikikauka inang'aa, na siku za mwanzo inavutia macho, ndiyo maana watu wanapiga picha na kumsifia muuzaji, na sifa hizo ndizo zinazowanasa wengine. Gundi ile ikipata unyevu inalainika tena. Ukipitisha kitambaa chenye maji, mapambo yote yanahamia kwenye kitambaa.

Na hiyo "sifongo ya Zanzibar" ni sponji ya godoro iliyonyofolewa kingo na kuchovywa rangi ya kahawia. Hapa nina uchungu wa pekee. Jambiani, Unguja, wako akina mama wanaolima sifongo kweli. Wanaifunga kwenye kamba baharini, wanaihudumia kwa mikono yao miezi na miezi hadi ifae kuuzwa. Jina la kisiwa chao linatumika kuuza mabaki ya magodoro. Sifongo ya bahari utaitambua: matundu yake hayafanani, mengine makubwa mengine madogo, ikiwa kavu ni ngumu, ikilowa inavimba na kuwa laini. Nyofoa kinyuzi kidogo ukichome, kitanuka kama nywele zilizoungua. Ya kiwandani inayeyuka na kuacha donge. Nisieleweke vibaya lakini: sponji ya godoro inaweza kabisa kupamba ukuta. Fundi mwenye mkono mzuri anainyofoa hadi isibaki na pembe iliyonyooka, na kazi inatoka safi. Kosa ni kukuuzia hiyo kwa bei ya sifongo ya baharini.

Wanakoiba zaidi ni kwenye kiasi, na hili ningependa kila mwenye nyumba alijue. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, kimo mita 3. Kuta zote nne ni mita za mraba 54. Ukitoa mlango na madirisha unabaki na kama 46. Rangi ya maji nzuri, lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Kwa hiyo rangi ya chini, ile inayotangulia kabla ya sponji, kwa mikono miwili ni lita 9 au 10. Mkono wa sponji ni mwepesi mno. Unachanganya sehemu moja ya rangi na sehemu nne za glezi, halafu unagusagusa tu, rangi ya chini inaendelea kuonekana. Hata ukifunika kuta zote bila kuacha nafasi, mchanganyiko hauzidi lita 5, na rangi iliyomo ndani yake ni lita moja. Sasa mtu anayekuuzia ndoo ya lita 20 "ya sponji" kwa sebule moja anakuuzia nini? Akitaja ndoo, kata mazungumzo hapo hapo. Na watu wengi wanapamba ukuta mmoja tu, ule wa televisheni, ambao unahitaji mchanganyiko mdogo kuliko huo.

Utawatambua pia kwa wanachokuambia kuhusu kazi yenyewe. Wanasema seti yao haihitaji msasa wala rangi ya chini, unapaka leo na usiku unakaribisha wageni. Si kweli. Rangi ya chini iwe silki, ile yenye kung'aa kidogo, kwa sababu rangi kavu isiyong'aa inanyonya glezi na alama za sponji zinaganda kabla hujazilainisha. Iache mpaka kesho yake. Sponji unailowesha na kuikamua kwanza, unachovya kidogo, unapunguzia kwenye kipande cha boksi, ndipo unagusa ukuta huku ukizungusha kiganja ili alama zisijirudie. Kwenye kona unatumia kipande kidogo ulichokata pembeni. Kila baada ya hatua unarudi nyuma kuangalia, na hapo ndipo muda unakwenda. Plasta mpya isubiri kama siku 28 kabla ya kupakwa, na ukiona chumvi nyeupe inatoka ukutani, kama inavyotokea sana kwenye nyumba zetu za pwani, tafuta kwanza unyevu unatokea wapi.

Ukipelekewa ndoo, usilipe kabla hujaifungua. Ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 25 hivi au zaidi. Ikiwa karibu na 20, umebebeshwa maji. Chovya kijiti: rangi nzuri inakivisha, iliyozimuliwa inatiririka kama maziwa. Iliyojazwa chokaa inaweza kupita vipimo hivyo viwili, kwa hiyo mwambie fundi apake kipande cha mbao nusu mita, rangi ya chini na sponji juu yake. Kikikauka vizuri, kisugue kwa kiganja, kisha kwa kitambaa chenye maji. Fundi wa kweli hatachukia. Mimi kibao hicho napaka kwa kila mteja, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kukwangua sebule nzima.

Jihadharini zaidi na makopo ya rangi ya mafuta yasiyo na lebo, hasa njano na nyekundu kali, ambayo baadhi yao wanayaongeza kama "zawadi" ya kupambia chumba cha watoto. Rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji lisivuke mlango wako, hata la bure.

Kama umeshatuma hela, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla haijatolewa kwa wakala, uombe muamala usitishwe. Meseji ya kitapeli itume 15040, ukifuata maelekezo watakayokurudishia, kisha nenda polisi na namba ya muamala. Msifute mazungumzo hata kama yanawatia hasira. Wenye ndoo na makopo msiyatupe wala msimwachie fundi akayamalizie kwingine. Ndoo yenye jina la kampuni na kitu kingine ndani ni bidhaa bandia, ipelekeeni taarifa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango (TBS) mkiwa nayo mkononi. Watu hawa wanabadilisha jina la ukurasa kila wakishalalamikiwa, lakini picha zenye mabomba ya joto chini ya dirisha ni zile zile. Mkiziona, piga picha ya skrini, namba ya simu ionekane, muipeleke polisi pamoja na mazungumzo yenu.