Karatasi ya "orijino" niliyouziwa Makoroboi

Nimpe haki yake kwanza huyu fundi cherehani wa Makoroboi, hapa Mwanza: kushona, cherehani changu kinashona. Tena kuliko kilivyokuwa. Kelele imekwisha, uzi haukatiki, hata jinzi kinapita bila kuruka mishono. Kama shida yako ni hiyo tu, nenda, utanishukuru.

Ila mimi sikumpelekea cherehani akitengeneze. Nilimpelekea akikague! Ni Singer 15K ya marehemu mama, ile nyeusi ya kukanyaga. Namba yake inaanza na EG, maana yake kilitoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland, karibu na mwaka 1950. Kuna mtu wa Musoma anakitaka kwa bei ya maana, sharti lake moja: vipuri viwe vile vile kilivyotoka navyo kiwandani. Huyu fundi anajitangaza kwamba anakagua mashine za zamani na kutoa karatasi. Nikalipa elfu thelathini, nikamwachia.

Nilipokwenda kukichukua akanisalimu kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu! Mashine yako orijino tupu." Karatasi hiyo, mhuri huo. Nikafurahi mpaka nikamwachia na hela ya soda.

Kufika nyumbani Igoma, navuta kile kibati kinachofunika bobini, nakuta kikopo cha kubebea bobini kinang'aa kama jino la dhahabu. Cha mama kilikuwa kimefifia, kimegongwa SIMANCO, alama waliyokuwa wakiigonga Singer kwenye vipuri vyao. Hiki hakina hata herufi moja. Na skrubu ya bamba la chini ya sindano kichwa kimeliwa. Skrubu za Singer zina hesi yake, yale meno ya kuzungukia, ya peke yake. Ukilazimisha ya dukani, unaharibu skrubu na tundu pamoja.

Nikageuza daladala siku hiyo hiyo. Wala hakukana. "Kile kilikuwa kimelika, mayu, nimekuwekea kipya. Si kimeingia? Kingekuwa feki kingeingia?"

Jamani. Mtu anatoa karatasi za uthibitisho na hoja yake ni kwamba kimeingia! Mashine za aina ya 15 zilinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya vita kuu ya pili, Wachina nao wakanakili. Kipuri cha Butterfly, cherehani cha Kichina, kinaingia humo bila hata kusukumwa. Na ile namba ya EG inaongelea mwili wa mashine peke yake, haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Humo unasoma mihuri ya kipuri kimoja kimoja. Halafu unatazama uchakavu kama unalingana: maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye mwili yanatakiwa yafutike ukingo wa mbele, kitambaa kinapopita na mikono inapoegemea. Ukikuta chuma kimechakaa na maua yanawaka, kimepakwa upya huko nyuma. Ya mama yamefutika sawasawa, hilo lilikuwa la kukipandishia bei. Kwenye karatasi yake halimo. Wala kikopo hakimo. Kuna neno "orijino" na mhuri, basi.

Hata hayo ningeyameza. Nikamwambia, fundi, nirudishie kikopo changu. Akacheka, akamgeukia kijana wake mbele ya wateja: "Huyu mama anadai chuma chakavu."

Chuma chakavu! Mimi nimesomeshwa na hicho chuma chakavu. Sare za nusu ya mtaa wetu zimepita hapo. Na sikuomba fadhila, niliomba mali yangu. Kijana wake alikuwa na haya kuliko yeye, aliinama akawa anapekua ndoo ya vipuri, hakukiona. Au aliogopa kukiona.

Mtu wa Musoma nimemweleza kila kitu. Hajakataa, ila ameshusha bei, na simlaumu.

Nilikusudia kumpa nyota tatu, maana mkono wa kutengeneza anao kweli. Wa vitenge na sare, mpelekeeni mashine zenu. Mwenye mashine ya urithi asimwachie, asimame pale pale mpaka amalize, na kila anachofungua akiweke kwenye mfuko wake mwenyewe. Lakini nikikumbuka kile kicheko... Nyota moja. Na hiyo ni ya yule kijana.